Hao Hatuoani

Washenga walikuwa wameshakunywa chai. Mzee wa kanzu ya kijivu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alikuwa anataja ukoo wa kijana: baba yake nani, babu yake nani, mpaka yule wa mwanzo aliyetundika mizinga ya nyuki Usinge, enzi zile misafara ya kwenda Ujiji bado inapita huko. Hapo ndipo shangazi yangu alipotoka chumbani, kichwa wazi, hana hata ushungi, akasimama mbele ya wanaume wageni na kusema, "Basi. Msiendelee. Hao hatuoani."

Shemeji yangu, aliyekaa siku ile mahali pa marehemu mume wangu, alibaki na kikombe mkononi, hakinywi wala hakiweki. Mzee wa kanzu ya kijivu alimtazama shangazi kwa muda, kisha akainamisha macho. Hakuuliza kwa nini. Hilo ndilo lililonitia baridi baadaye, nilipolikumbuka: mtu anakataliwa posa hadharani na haulizi kwa nini. Alivaa makubadhi yake, akasema, "Tumesikia, dada," wakaondoka na kuliacha dumu la asali pale pale mlangoni.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mtaa wetu wote wa Isevya, hapa Tabora, unajua. Nilimfuata shangazi chumbani.

"Shangazi, umeniua," nilimwambia. "Umeniua mchana kweupe. Binti yangu kapata mume, kijana wa watu ana biashara yake ya asali na nta, hanywi, havuti, ana adabu kuliko wanangu wa kiume, halafu wewe unatoka tu, hatuoani! Kwani wale wana nini?"

Alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani. "Hawana kitu. Ni watu wazuri," alisema. "Wazuri sana. Ila tulichanjiana nao."

Habari ya chale niliwahi kuisikia utotoni, vipande vipande, kama watoto wanavyosikia mambo ya wakubwa. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Aliugua njiani akibeba mzigo kwenda Ujiji, na msafara ukamwacha porini na kibuyu cha maji, kama walivyoachwa wote walioshindwa. Mrina asali mmoja akamkuta, akambeba mgongoni, akamlisha uji wa asali mpaka akasimama. Basi wakachanjana kifuani, wakapaka damu kwenye ini la mbuzi la kuchoma, kila mmoja akala ya mwenzake. Tangu hapo nyumba ya huyu ikawa ya yule, na mtoto wa huyu akawa wa yule. Na mtu hamwoi mtoto wake.

"Kwa hiyo watu wawili walikula ini zama hizo, mifupa yao imeshakuwa udongo, leo binti yangu asiolewe?" nilisema. "Shangazi, hata wewe unayaamini hayo? Wewe unayeswali tano?"

"Waliooana walijuta."

"Nani? Nitajie mmoja."

Akachukua tasbihi yake, akageukia ukuta. Nilisimama pale nikingoja, wee, mpaka nikaona nitatukana, nikatoka.

Niseme wazi shangazi huyu ni nani kwangu. Ni dada wa baba, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenilea. Aliolewa na fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, mtu mpole, wakaishi pamoja mpaka mzee akafa, na hawakupata mtoto. Mtaa mzima ulisema hakujaliwa. Wengine hawakuwa na adabu hiyo, walisema neno lenyewe, tasa. Niliwahi kummwagia mwanamke ndoo nzima ya maji bombani kwa sababu ya neno hilo, na shangazi aliposikia alinichapa mimi. Kwa hiyo nilipomkasirikia siku ile, nilikuwa namkasirikia mama.

Binti yangu hakulia. Ana kibanda cha kutoa fotokopi karibu na stendi, na siku ya pili alifungua kama kawaida. Nilimpelekea chakula cha mchana. Aliacha kula, akanishika mkono juu ya meza, akaniambia, "Mama, mimi huyu simwachi. Ila pia sitaki kumkosea bibi. Tafuta njia."

Njia ninayoijua mimi ni moja tu, karatasi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, nikiandika, nikifunga majalada, nikigonga mihuri. Nimeona watu wakila kiapo mbele ya hakimu kwamba shamba lile ni la babu yao, kumbe karatasi inasema babu yao alikuwa mpangaji. Maneno ya wazee nayaheshimu, ila nayapima. Nikajisemea: nikipata ndoa moja tu, moja, kati ya nyumba yetu na nyumba ya wale, iliyofungwa na kadhi na ikaandikwa, hoja ya chale imekufa. Nitamwekea shangazi mapajani, nitasema, hii hapa, walioana, na dunia haikuanguka. Nikaandika barua, mtendaji wa kata akagonga muhuri, nikaenda masijala ya wilaya.

Msichana anayetunza masijala ile nilimfundisha kazi mimi, alipokuja mahakamani kujifunza. Alinipokea vizuri, shikamoo mama, marahaba, kiti hiki hapa. Nilipomtajia ukoo na miaka ninayoitafuta uso ukambadilika kidogo.

"Mama, ajabu. Wiki hii hii alikuja mzee mmoja anaulizia vitabu vya wakati huo huo. Kavaa kanzu ya kijivu."

"Alitaka nini?"

"Hakutaka kuviona. Aliuliza tu kama bado vipo au vimeliwa na mchwa. Nikamwambia vipo. Akashukuru, akakaa hapo kwenye benchi muda mrefu, akaondoka."

Nilimwambia wazee wana mambo yao. Lakini nilipoingia chumba cha nyuma, mlango ukajifunga kwa uzito wake, nikageuka kuutazama. Chumba kile kina dirisha moja lenye nondo, na dari imejaa popo. Huwaoni, unawasikia tu wakisogea juu yako unapofunua kitu. Harufu yao inakaa kwenye nguo, ukifika nyumbani mtu anakuuliza ulikuwa wapi. Vitabu vya kadhi wa zamani vilikuwa rafu ya chini kabisa, vimelala kwenye vumbi jekundu la mchwa, na ukivishika jalada linabaki mkononi kama ngozi ya muhogo uliochemka.

Kusoma vitabu vile ni kazi ya subira, na mimi subira sina. Kuna herufi za Kiarabu, kuna za kawaida, kuna wino uliokimbia. Na kuna desturi moja ya waandishi wa zamani iliyonitoa jasho: mwanamke hawamwandiki kwa jina lake. Wanaandika binti wa fulani, yaani jina la baba yake, basi. Kwenye ndoa ya mwanamke, jina la bwana lipo, la baba wa bwana lipo, ya mashahidi yapo, lake mwenyewe hakuna. Nilipokuwa kazini tulikuwa tunacheka jambo hilo. Mle chumbani sikucheka. Nilipitisha macho kwenye ukurasa baada ya ukurasa wa wanawake wasio na majina, nikaona kama nawahesabu wafu.

Nilikwenda siku nyingi. Kila nikirudi, shangazi alikuwa ananiangalia mikono. Nimeshanawa, lakini anaiangalia. Chakula alipunguza, na asubuhi nilianza kumkuta ameshaamka zamani, amekaa mlangoni, anatazama barabara.

Kisha nikaiona. Ndoa imefungwa Tabora mjini, bwana ni wa Usinge, baba wa bwana ni mmoja wa wale waliotajwa na washenga, na bibi harusi ni binti wa babu yangu mzaa baba. Nilipiga kigelegele kimoja humo humo ndani, popo wakatawanyika, msichana wa masijala akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Babu alikuwa na mabinti watatu. Wawili walikufa nikiwa mdogo, na wa tatu ndiye shangazi wa mkekani. Nikakata shauri kwamba aliyeolewa Usinge ni mmoja wa wale marehemu, kwa nini nifikirie vingine? Huyu wangu nilimjua na mume wake, nyumba yake na cherehani yake. Nilipata ruhusa, binti yangu akatoa nakala, na siku ile tulicheka kibandani mpaka wateja wakatushangaa.

Jioni nilimwekea shangazi karatasi mapajani kama nilivyopanga. "Haya," nilisema, "shahidi wangu huyu hapa. Dada yako mmoja aliolewa kwa watu hao hao. Chale ilikuwa wapi?"

Kusoma hajui sana. Ila aliweka kidole kwenye ule mstari, palepale, bila mtu kumwonyesha.

"Umesoma hapa tu?"

"Nimesoma pa kutosha."

"Basi hujasoma," alisema, akanirudishia.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Afadhali ingekuwa ya ugomvi. Nilitoka nikakaa kibarazani, kigelegele changu kimekwisha, kwa sababu mimi karani najua: ndoa inaanza kwa kadhi, lakini haiishii huko. Ikiharibika inaenda barazani, kwa wazee waliokuwa wakiamua mashauri.

Majalada ya baraza la zamani hayakuwa na utaratibu. Yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani. Sisi makarani wa zamani tulikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyetufundisha kwa mdomo: shauri ambalo wazee wameomba lisirudiwe, tunalifunga kamba mbili, msalaba. Yeyote ajaye baadaye akiona kamba mbili anajua, analipita. Mimi mwenyewe nimefunga mengi hivyo, na sikuwahi kufungua la mwenzangu. Asubuhi yake nikarudi masijala, nikalikuta, jembamba, kamba mbili, na juu yake jina la ukoo wa Usinge na jina la babu yangu. Nilitaka kulipita. Kweli kabisa mkono ulirudi nyuma. Kisha nikamkumbuka binti yangu akiniambia tafuta njia, nikafungua.

Mdai alikuwa baba wa mume. Alikuwa anadai ng'ombe wake wa mahari warudi kwa sababu, nanukuu kwa kichwa, watoto hawakai. Mdaiwa alikuwa babu yangu. Alijibu kwamba ng'ombe hawarudi, maana mwanamke aliolewa ili azae na amezaa. Kufa kwa watoto si kazi yake. Wazee wa baraza wakasema hii si mara ya kwanza. Nyumba hizi ziliwahi kuoana zamani, wakati wa Mjerumani, na watoto hawakukaa vile vile. Inayokula watoto ni chale. Babu akasema chale ilikatwa, yaani agano lilivunjwa, kwa kondoo mweupe kabla ya harusi, na wote walikuwepo. Wazee wakasema haikukatika.

Uamuzi ulikuwa mistari michache. Ng'ombe wasirudi, maana pande zote mbili zilijua. Mwanamke arudi kwao. Nyumba hizi zisioane tena kamwe, na habari hii isisemwe mbele ya watoto watakaozaliwa. Chini yake alama za dole gumba za wazee, za baba wawili, ya mume. Na ya mwisho, ndogo kuliko zote, kando yake karani ameandika: binti wa mwisho wa mdaiwa.

Wa mwisho. Mziwanda wa babu ni shangazi yangu.

Nilikaa chini kwenye lile vumbi. Nilimlaani babu yangu, na babu nilikuwa nampenda, alinipa sukari guru na alinifundisha kusoma. Nilijiona mjinga na ndoo yangu ya maji bombani. Nikamfikiria mwanamke yule aliyenifunga nywele kila Ijumaa, aliyenitafunia nyama nilipong'oka meno, akisikia neno tasa mlangoni kwake maisha yake yote na kunichapa mimi kwa kumtetea. Nililia kwa sauti. Msichana wa masijala alikuja mpaka mlangoni, akaona jalada na kamba zake, akarudi kimya kimya.

Sikupita sokoni wala kibandani kwa mwanangu. Nilifika nyumbani adhuhuri. Shangazi aliniona tu namna nilivyoingia.

"Umesoma," alisema.

Nilipiga magoti nikaweka kichwa changu mapajani pake. Aliniacha nilie. Mwishowe nikamuuliza kwa nini alikubali watu wamwite vile.

"Tasa watu wanamhurumia," alisema. "Mama ambaye watoto wake hawakai, watu wanamkimbia. Nani angenipa mwanawe nimbebe? Nani angekuacha wewe kwangu?"

Akanieleza basi, kwa sauti ya mtu anayesimulia jinsi ya kupika. Yule kijana wa Usinge alimtaka mwenyewe. Babu alikataa kwa sababu ya chale, yeye akagoma kula mpaka akawa hawezi kusimama, ndipo kondoo akachinjwa. Alizaa mara tatu. Wote walizaliwa wazima, wazuri, wanene. Walipofika umri wa kuketi, mambo yakaanza: mikono inavimba, miguu inavimba, macho yanakuwa ya njano, mtoto analia siku nzima na ukimgusa ndiyo kabisa. Wa kwanza hakutembea. Wa pili alitembea kidogo. Wa tatu alikuwa anajua kuita mama.

"Niliwaua mimi," alisema. "Kwa kugoma kula. Yule mzee wa kanzu ya kijivu ni mdogo wake yule mume wangu wa Usinge, alikuwa kijana mdogo, ndiye aliyechimba makaburi yao. Alijua kaja nyumba ya mumeo, hakujua ni kwetu mpaka aliponiona. Siku ya posa nilichungulia pazia nikamtambua, sikukumbuka hata ushungi. Nikasema haiwezi kuanza tena."

Lakini mimi nilikuwa nimeshanyanyua kichwa. Mikono kuvimba, macho ya njano. Mtume! Jirani yangu ukuta kwa ukuta ana mtoto wa hivyo, kila mwezi anampeleka kliniki, nimeshamsaidia kumbeba. Tabora hii nani hajui sikoseli? Nilikuwa nimekwenda kutafuta karatasi ya kuua hadithi ya chale, na sasa hadithi ilikuwa inakufa kweli, lakini kilichokuwa chini yake kilikuwa hai.

Sikumwambia kitu shangazi siku ile. Niliwachukua binti yangu na mchumba wake, nikawaeleza yote kwenye kibanda, mlango umefungwa. Kijana alisikiliza mikono magotini. Alisema kwao kuna watoto waliokufa kwa homa za ajabu, huwa wanasema ni upepo wa porini. Binti yangu aliuliza swali moja tu: kipimo kinachukua muda gani?

Daktari aliyetupa majibu alikuwa mwanamke mwenye haraka lakini mwenye huruma. Aliwaambia wao wenyewe ni wazima na watabaki wazima. Ila wote wawili wanabeba mbegu ya ugonjwa huo kwenye damu. Wakizaa pamoja, kila mimba ni kubahatisha: mara nyingi mtoto atapona, lakini katika nne, moja inaweza kumwangukia. "Na msidhani ni zamu," alisema. "Inaweza kuwa ya nne, inaweza isiwepo, inaweza kuwa ya kwanza." Akasema siku hizi kuna dawa, kuna kliniki, si kama zamani, wengi wanakua. Akasema pia kwamba ni vizuri wamekuja kabla.

Tulipofika nje, kwenye benchi la wagonjwa, binti yangu aliketi. Kijana alibaki amesimama, analitazama geti.

"Mama," binti yangu alisema. "Hatukuja kabla."

Sikumwelewa. Wallahi sikumwelewa, mpaka nilipoona mkono wake ulipo, chini ya mtandio, juu ya tumbo.

Siku nyingine ningepiga kelele mpaka wagonjwa watoke wodini. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya aibu, ya baba yake kaburini. Hayakutoka hata moja. Nilimtazama kijana, nikimngoja akimbie, ili nipate wa kumchukia.

"Mimi sikimbii, mama," alisema. Uso ulikuwa umempauka. "Ila naogopa."

"Ogopa," nilimwambia. "Na mimi naogopa."

Tulikwenda nyumbani wote watatu. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia shangazi. Nilitaka kumpa ile nusu nzuri tu, kwamba hakuua mtu. Nilipoanza, nilijikuta namwambia yote, kwa sababu alikuwa anamtazama binti yangu na nikajua ameshaona. Wanawake wa umri ule huwezi kuwaficha tumbo.

Nilimweleza kwamba si chale. Ni damu, ugonjwa unaokaa kwa wazazi wazima bila kuwaumiza, na ukikutana pande zote mbili unamshika mtoto. Kondoo hana kosa, wazee wa baraza walikosea, na yeye kugoma kula hakukuua mtu.

Alinyoosha pindo la mkeka. Nilidhani hajaelewa, nikataka kurudia.

"Kwa hiyo ningeolewa na mwingine," alisema polepole, "wangekaa."

"Pengine, shangazi," nilisema.

"Na kama ingekuwepo hiyo dawa."

"Pengine."

Alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. Machozi yalimtoka, ya mtu mzima sana, hayana sauti, yanapita tu kwenye mikunjo na kuishia shingoni. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, haingii hatoki. Shangazi alimfanyia ishara aingie akae, akakaa kwenye mkeka wa watu waliokatazwa kuoana na watu wake. Sikujua kama tumefungua mlango au tumeuvunja. Hata leo ninapoandika, tumbo la mwanangu linakua na tarehe ya kujifungua bado, sijui.

Kisha shangazi akamwambia binti yangu, "Njoo hapa."

Binti yangu akasogea. Shangazi alivuta mto wake mdogo anaolalia, akaukunja, akaufunga na kanga, ukawa kifurushi. Aliuweka kwenye mkeka baina yao.

"Mnyanyue."

"Bibi, bado..."

"Mnyanyue nikuone."

Binti yangu aliinama, akaushika ule mto kwa pembeni, mahali ambapo kwapa zingekuwa, kama mtu yeyote anavyomnyanyua mtoto.

"Siyo hivyo," shangazi alisema. Hakupandisha sauti. "Akiwa na maumivu hapo ndipo panapomuuma zaidi, mifupa ya hapa na hapa. Atalia mpaka apoteze pumzi. Mimi wa kwanza nilimnyanyua hivyo kila siku, sikuwa najua. Kwa wa tatu ndiyo nilijua." Akapitisha mkono mmoja chini ya mto, mwingine mgongoni, akaupandisha kifuani pake polepole sana, pamoja na pumzi yake, na kidevu chake kikashuka chenyewe mahali ambapo kichwa kingekuwa. Alikaa nao hivyo. Mikono ile haikuwahi kushika mtoto wake mbele yangu, na haikukosea hata kidogo.

Akaurudisha mkekani.

"Inawezekana asiwe nao," nilisema. "Daktari kasema mara nyingi..."

"Nimesikia alichosema," shangazi alinikata. Alikuwa anamtazama binti yangu tu. "Mnyanyue tena."

Binti yangu akapitisha mkono chini ya mto.